Kamba Baina ya Mikarafuu Miwili

Mwanapili binti Hafidh hampigi maji moto. Si kwa huruma, usije ukamsifu bure. Kila mchumaji wa karafuu wa Ole anamjua maji moto, sisimizi yule mwekundu anayeshona majani mabichi ya mkarafuu yakawa nyumba, na kila mchumaji ameshatokwa na machozi kwa ajili yake, maana aking'ata ni kama umemwagiwa birika la chai. Wengine hujipiga makofi, hujipangusa, hutukana. Mwanapili humpuliza tu, fuu, akaenda zake. "Ukimuua mmoja umewapigia mbiu wenziwe," huwaambia wanaojifunza kupanda kwake, na wanaopuuza hushuka mtini upesi kuliko walivyopanda.

Kupanda alifundishwa na baba yake. Mzee Hafidh hakujaaliwa mtoto wa kiume, na karafuu zikishaiva hazimngoji mtu azae. Basi akamvisha binti yake suruali ndani ya kanga, akamtia kamba kiunoni, akampandisha. Watu walisema, kama watu wanavyosema. Mwanapili alikuwa na miaka kumi wakati ule; leo ana hamsini na sita, na waliosema wengi wao hawapandi tena hata ngazi za msikiti bila kushikwa mkono. Yeye bado hufika kwenye ncha za juu kabisa, kule ambako vijana wanasema tawi halimchukui mtu.

Mwaka juzi alikuja Daktari Rumaitha, mzaliwa wa Wete, wa ukoo wa Waarabu waliokuwa na mashamba zamani, ambaye sasa anasomesha chuo kikuu. Alikuja na mwanafunzi wake Haitham, kijana wa Unguja mwenye miwani na daftari lisilomtoka kwapani. Walikuwa wakitafiti jinsi wanyama walivyoanza kuishi kwa ushirika: imekuwaje kiumbe mmoja akakubali kutozaa, akafanya kazi mpaka kufa kwa ajili ya mama yake na ndugu zake. Mwanapili aliposikia swali lenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Na hilo lataka digrii? Mbona kila mji una shangazi mmoja hivo."

Rumaitha naye akacheka, na hapo hapo wakapendana. Walikuwa wanatafuta mtu anayeijua mikarafuu ile. Mwanapili akawapitisha shambani akinyoosha mkono: kutoka mkarafuu huu hadi ule pale ni nyumba moja ya maji moto, ukivuka njia ya miguu ni nyumba nyengine, hawasalimiani hao. Watafiti wakatumia wiki tatu kumpima kwa vichupa vyao. Alikuwa amepatia miti yote isipokuwa mmoja, na kwa huo mmoja mpaka leo anashikilia kwamba waliokosea ni sisimizi.

Hivyo akawa mtu wa utafiti. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unamchukua maji moto wa mti huu ndani ya kichupa, unamtia kwenye mti mwengine, unatazama. Akiwa wa nyumba moja, wenyeji humgusagusa kwa vipapasio wakampisha. Akiwa mgeni, humkamata miguu yote sita wakamvuta huku na huku mpaka roho itoke. Haitham aliandika namba za miti kwenye vichupa kwa kalamu. Mwanapili akiwa juu alivifunga shingoni kwa ukindu, mafundo sawa na namba ya mti, na kitanzi kikisimama badala ya mafundo kumi. "Kalamu hudondoka," alisema, "fundo halidondoki."

Na yeye alijifunza. Miaka yote aliuona ule uzi mweupe unaoshona majani asijue unatoka wapi. Rumaitha akamwonyesha kwa kioo cha kukuzia: maji moto mkubwa humshika mtoto mdomoni, mtoto anatoa uzi, mkubwa anampitisha jani hadi jani kama sindano. Mwanapili alitazama muda mrefu. "Subhanallah," alisema. "Kumbe mtoto ndiye charahani!" Alifurahi kama mtu aliyeletewa habari za jamaa zake.

Sharti lilikuwa moja. Miti ya nyumba mbili isigusane hata kwa jani, wasije wakapata njia. Mwanapili mwenyewe alipewa dhamana hiyo, akawa anapita na panga kukata kila tawi lililonyooka kumsalimia jirani. Rumaitha alikuwa ameshamwahidi kwamba jina lake litaandikwa kwenye ripoti, si kwenye orodha ya shukrani kule mwisho, ila pamoja na yao. Mwanapili alijifanya hakusikia vizuri ili arudiwe.

Mwezi wa kumi mambo yakaharibika.

Mkarafuu wa saba na wa kumi na mbili ilikuwa miti ya nyumba mbili tofauti, mmoja huku wa njia, mwengine ng'ambo. Mwezi wa sita maji moto wa saba walitiwa kwenye wa kumi na mbili, wakauawa wote. Sasa wakatiwa tena, vichupa vile vile, na wenyeji wakawapokea kama mahujaji. Mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Haitham alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Bi Mwanapili, samahani," alisema, na kijana wa Unguja akianza na samahani ujue linakuja. "Nadhani vichupa vimechanganyika. Hawa umewachukua mti wa kumi na mbili ukawarudisha kumi na mbili."

"Mie sikosei nti, mwanangu."

"Lakini haiwezekani. Na kama hapa pamekosewa, hatujui pengine pamekosewa wapi. Kazi yote iliyopita mikononi mwako, miezi mitano, itabidi tuitoe."

Rumaitha alichuchumaa. Aliokota vile vichupa kimoja kimoja akihesabu mafundo, na kuhesabu huko ndiko kulikomuuma Mwanapili kuliko maneno ya yule kijana. Si kwamba alijitilia shaka, hata chembe. Lakini aliona kitu alichokijenga tangu akiwa na miaka kumi, kwamba Mwanapili akisema mti fulani ni mti fulani, kinafutwa kwa raba na mtu asiyeweza kupanda mpera. Alikasirika, na hakuficha.

"Kesho asubuhi n'tapanda kumi na mbili," alisema. "Nikishuka tutasemezana."

Asubuhi akapanda peke yake, akipuliza njiani. Alipita usawa wa viota, akapita matawi aliyoyapogoa kwa mkono wake, hakuna palipogusana. Akaendelea mpaka kileleni, na huko, ndani ya majani mazito, akaiona. Kamba. Imefungwa kwenye ncha ya kumi na mbili, imekatisha juu ya njia ya miguu, imefungwa kwenye ncha ya saba. Fundo lenyewe halikuhitaji kioo cha kukuzia: lilikuwa fundo la Mzee Hafidh, na hapa duniani analifunga mtu mmoja tu aliye hai.

Akakumbuka yote kwa mpigo mmoja. Karafuu haziivi pamoja; mti huchumwa ukaachwa, ukarudiwa baada ya wiki kadhaa. Baba yake alimfundisha kuzivuta ncha za miti miwili zikaribiane kwa kamba, ukichuma huu unaufikia na ule. Na alimfundisha kwamba mti ambao haujesha, yaani bado una karafuu za kuchumwa, haufunguliwi kamba. Kamba ndiyo inayowaambia wengine kwamba mti una mwenyewe, atarudi. Kufungua kabla ya mchumo wa pili ni kuacha kazi njiani, ni aibu ya mchumaji. Basi mwanzo wa msimu alifunga, akachuma, akaiacha kamba kama alivyoiacha miaka arubaini na sita, na kesho yake akapita chini na panga kukata majani yasigusane. Mchumaji na mtafiti walikuwa mtu mmoja, na hawakuambizana.

Juu ya kamba maji moto walikuwa wanapita kama watu wa siku ya gulio, wakitoka saba kwenda kumi na mbili, na wengine wamebeba watoto weupe mdomoni. Viota vyote vya kumi na mbili vilikuwa na uzi mpya. Wenyeji wa zamani hawapo. Haitham hakutia wageni kwenye mti ule. Aliwatia kwa ndugu zao waliokwisha kuuteka.

Kufungua lile fundo kulitaka vidole viwili. Kamba ingeanguka bondeni, na nani angejua? Lakini angebaki mtu wa kuchanganya vichupa, na hilo si kweli. Akiionyesha, vichupa vyake vimetakata, ila ni yeye aliyevunja sharti alilokabidhiwa. Alikaa juu ya tawi akapima, na hakupima sana. Mficha uchi hazai. Kosa lake atalibeba; la kusingiziwa halibebi.

"Haitham!" aliita. "Panda, yakhe. Uje uone mwenyewe."

Haitham alipanda kwa dakika ishirini na tano, huku Mwanapili akimwelekeza mguu uende wapi. Katikati aling'atwa shingoni, akasahau mafunzo yote, akajipiga kofi. Yaliyofuata tusiyaeleze, ana wazazi. Itoshe kusema kwamba alifika kileleni amevimba, miwani imekaa upande, na aliponyooshewa kamba aliifuata kwa macho mpaka ng'ambo.

"Vichupa havikuchanganyika," Mwanapili alimwambia. "Kamba hino n'mefunga mie. Kosa langu ni hilo. Lile jengine ni lako."

"Nisamehe, Bi Mwanapili."

"N'shakusamehe. Shuka polepole."

Chini, Rumaitha alisikiliza mpaka mwisho. Mwanapili alisimama mbele yake wima, akingoja kuambiwa kazi imekwisha. Lakini macho ya yule daktari yalikuwa yamewaka.

"Mama, unakumbuka ulifunga siku gani?"

"Nisikumbuke vipi? Siku ya khitma ya Bi Tatu wa Kengeja. Nilichuma asubuhi ili n'wahi kwenda."

Rumaitha akafungua kalenda ya simu, akahesabu kwa midomo. Kutoka siku ile hadi siku ya vichupa zilikuwa siku arubaini na moja. Alisema walikuwa wanajua nyumba moja huiteka nyengine, lakini hapa wamepata njia yenyewe, mahali ilipoanzia na siku iliyofunguliwa. Akamkumbatia Mwanapili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mwanapili, aliyekuwa amejikaza tangu jana, naye akamkumbatia kwa mikono miwili.

Haitham alikuwa ameshaketi na daftari, mkono umevimba, akiandika na kusoma kwa sauti. "Mkarafuu wa saba na wa kumi na mbili iliunganishwa kwa kamba, kwa bahati mbaya, na msaidizi wa..."

"Ngoja," alisema Mwanapili. "Bahati mbaya ndiyo nini?"

Kijana akainua uso. "Nilitaka kukusitiri, Bi Mwanapili. Wakisoma wasione kwamba ni..."

"Futa. Andika kamba imefungwa na Mwanapili binti Hafidh, mchumaji wa Ole, siku ya khitma ya Bi Tatu. Halafu andika kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nti ulikuwa haujesha."

Haitham akamtazama Rumaitha. Rumaitha akatikisa kichwa kukubali. Kijana akafuta, akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, na Mwanapili akasimama nyuma ya bega lake mpaka nukta ya mwisho.