Kiti cha Mama Mkwe

Pikapu yangu niliinunua kwa sajini mmoja wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Ilikuwa ya kabini moja, nyeupe pale ambapo kutu haikuwa imefika. Sajini alikuwa anastaafu kurudi kwao kaskazini, na alinikabidhi gari lile kama mzazi anayeozesha binti. Alinizungusha mara tatu akinionyesha kila kovu.

"Yeye iko na nguvu," aliniambia kwa Kiswahili chao cha jeshini. "Lakini asubuhi usikimbize yeye. Wacha kwanza apate moto. Na oili, wewe mwenyewe angalia. Usitume mtu."

"Nimesikia, afande."

Kabla ya vita kutukimbizia Uganda nilikuwa dereva wa lori la mawese kati ya Baraka na Uvira. Kwetu usukani uko kushoto na magari yanapita kulia. Uganda ni kinyume. Wiki ya kwanza mkono wangu wa kulia ulikuwa ukitafuta gia na kukuta kitasa cha mlango. Mke wangu aliketi kando yangu, na kila kona kutoka Mbarara mpaka makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale aliniambia, "Kushoto, baba," kwa sauti ya upole, kama mtu anayeongoza sala.

Tulibeba maharage na mahindi ya majirani kwenda mjini, tukarudi na sabuni, chumvi na mabati. Nilipoona mgongo wa gari unalala chini ya magunia, niliongeza jani moja la chuma kwenye springi za nyuma. Kisha nikaweka matao ya chuma ya kushikilia turubai. Kila nilipoongeza kitu nilirudi nyuma hatua chache nikalitazama, na mke wangu akaniuliza kama nimekula.

Halafu mama yake akaanguka shambani, akiwa na muhogo kichwani. Goti lilivimba, na mguu wa kulia ukakataa kukunjika. Hospitali ya Mbarara ikasema arudi kila mwezi.

Hapo ndipo penye shida. Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Hamwangalii usoni, hali naye sahani moja, na neno la moja kwa moja kati yao ni aibu. Kule kijijini tulikuwa tunapishana kwa njia mbili tofauti. Nakivale nyumba zimebanana, lakini hata hapo aliponiona naja aligeukia ukuta, nami nikajifanya natazama mbuzi. Sasa nitamtia vipi ndani ya kabini moja, bega kwa bega? Mke wangu alijitolea kukaa katikati. Mama yake akamjibu, "Ile kabini ni chumba. Mimi siwezi kulala mu chumba ya mukwe."

Safari ya kwanza alilala kwenye godoro kati ya magunia. Barabara ilikuwa mbovu, na nilisikia kila shimo mgongoni mwangu mwenyewe. Tulipofika hospitali alishuka amekunjamana, hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Mchana ule ule nilikwenda kwa fundi wa kuchomea vyuma pale mjini. Kwenye lundo la vyuma chakavu nikapata kiti cha basi dogo, sponji yake bado nzima. Tulikifunga kwa boliti nyuma ya kabini, juu ya springi mbili fupi. Fundi alitaka kitazame mbele. Nikamwambia kitazame nyuma.

"Nani anasafiri akiangalia alikotoka?" aliuliza.

"Mama mkwe wangu."

Fundi alikuwa Mnyankore, na kwao pia mkwe anaheshimiwa. Hakuuliza tena. Akaongeza egemeo refu la mguu, mkanda wa kiunoni, na ngazi ya vidaraja vitatu inayokunjwa. Turubai nikaishusha pembeni kuzuia vumbi.

Mama mkwe alilizunguka gari na fimbo yake, akakigonga kiti hapa na pale, kisha akapanda. Akanyoosha mguu. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "Hii motokari iko na heshima." Siku ile niliendesha kama nimebeba mayai.

Tukapanga ishara. Akigonga kabini mara moja, nipunguze mwendo. Mara mbili, nisimame. Mara nyingi aligonga mara moja, na mara nyingi bila sababu. Mke wangu alisema anapenda tu kuona gari linamtii.

Asubuhi moja nilibadilisha oili kwa haraka kwa sababu tulichelewa. Tukiwa tumepita katikati ya Nakivale na Mbarara, kwenye vilima vya ndizi, fimbo iligonga mara mbili. Nilidhani amemwona mtu wa kanisani. Ikagonga tena mara mbili, kwa nguvu. Nikasimama. Nyuma yetu mama mkwe hakuniita; aliliambia gari.

"Weye motokari, uambiye bwana anakuendesha, tumbo yako imetoboka. Niko naona mafuta mingi mu njia tangu kule fasi ya kunywesha ng'ombe."

Niliingia chini. Nati ya kutolea oili haikuwepo. Sikuwa nimeikaza. Oili ilikuwa inadondoka matone ya mwisho, na dakika chache zaidi injini ingekufa. Nililala pale kwenye vumbi nikiona aibu, dereva wa miaka mingi, huku miguu ya mke wangu ikisubiri kando ya gurudumu.

"Motokari," sauti ikasema tena kutoka juu, "kule Baraka pipa ya mawese ikitoboka, tunachonga muti, tunavingirisha kitambaa, tunagonga. Haitoki hata tone."

Nikachonga kijiti cha mti mbichi. Kitambaa kikaja kabla sijaomba: alichana upindo wa kitenge chake, akampa binti yake, binti akanipa mimi. Nikagonga kwa jiwe. Mwendesha pikipiki aliyebeba maziwa alitununulia oili kwenye kituo cha mbele akarudi nayo. Tuliondoka polepole, na kizibo kikashika mpaka gereji ya Mbarara, ambako fundi wa pale alikichomoa, akakigeuzageuza mkononi, akaniuliza nimesomea wapi.

Kabla hatujaondoka pale kilimani nilikuwa nimesimama karibu na ngazi, macho chini. "Motokari," nikasema, "mwambie mama umeshukuru sana."

Nikasikia turubai inatikisika. Alikuwa anacheka, sauti imezibwa kwa kitenge, na mke wangu akaanza kucheka, nami nikashindwa kujizuia.

Tuliongea hivyo kwa miaka. Alilipa gari salamu, alilikanya lisikimbie, aliliuliza kama watoto wetu wamekwenda shule. Nami nilijibu kupitia kwalo. Goti lilipona nusu, akaanza kwenda kanisani kwa miguu. Kiti sikukiondoa. Wanawake waliojifungua kwa upasuaji walirudi nyumbani wamekikalia, na wazee wenye migongo mibaya. Mama mkwe alikuwa akiwaazima mto wake, na akiwaonya wasigonge kabini ovyo, dereva ana mawazo mengi.