Kloridi Moja Iliyopotea

Nilirudi Lubumbashi baada ya miaka mingi ya kutangatanga mipakani, nikamkuta mpwa wangu Solange amekwama kwenye zoezi la kemia. Alihitaji alama za zoezi hilo ili asirudie mwaka. Swali lilikuwa hili: Ukiyeyusha mole moja ya kloridi ya kalsiamu katika lita moja ya maji, unapata mole ngapi za ioni za kloridi?

"Moja," nikajibu. "Mimi, tonton wako, mjomba wako huyu, nilikuwa wa kwanza darasani."

Akaandika hivyo, akapata sifuri. Nikavaa koti, nikaongozana naye kwenda kumkaripia mwalimu. Kumbe mwalimu ni mwenzangu wa zamani wa benchi la shule!

"Dieudo!" akaniita akicheka. "Calcium moja inatembeaka na chlorure mbili! Ku examen d'État, ule mtihani ya kumaliza sekondari, nilikopia kwako ile jibu, njo maana tulianguka bote babili, mimi na wewe!"

Solange akanigeukia. "Tonton, wa kwanza kuanzia ku nyuma?"