Gemu Kubwa ya Masanja

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Nyasubi, mwanangu, rafiki yangu Masanja alipoingia dukani mbio, furaha ikamsahaulisha hata kumwamkia mjomba.

Tulikuwa vijana wawili wenye kompyuta moja kuukuu. Tulitengeneza gemu za simu nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli la mjomba Shija. Ile ya kwanza ilikuwa ya mchungaji anayevusha ng'ombe mtoni. Haikuwa na urembo, lakini watoto wa mtaa waliicheza mpaka simu za mama zao zikaisha chaji. Raha gani ile!

"Nimepata tajiri Geita," Masanja alisema. "Ananunua dhahabu. Anataka gemu kubwa: mji mzima, magari, watu wanaongea. Mimi naweka kiwanja alichoniachia baba. Twende!"

Mjomba, ambaye ujanani alichimba dhahabu, aliweka spana chini. "Baba, shimo fupi likikunyima unachimba jingine. Refu likikunyima, linakuachia nguvu gani ya kuanza upya? Na simu za watu wetu zitaibeba gemu hiyo?"

"Mjomba, kidogo kidogo kitatufikisha lini?"

Nikatabasamu, maana mimi nilitaka tubaki na gemu ndogo, nikidhani nimeshinda. Mjomba akanigeukia. "Na wewe usicheke. Kila mara unatoa kigemu kipya, hukijaribu, hukitangazi. Vitu vya bei ndogo vimejaa kama mchele sokoni. Nani atajua upi ni wako?"

Masanja alikwenda Geita. Akapanga nyumba, akaajiri vijana. Nilipomtembelea alinionyesha mvua ikinyesha juu ya mabati ya ule mji wake wa kwenye gemu, nikamwomba anionyeshe tena kwa uzuri wake. Lakini kazi ilirefuka, tajiri akachoka, mishahara ikakatika. Gemu ikatoka nusu, na simu nyingi zikaikataa. Kiwanja kikaenda.

Mimi nami sikupona. Gemu zangu kadhaa hazikupata hata mchezaji. Ila kila nilipoanguka niliamka na kompyuta yangu ipo. Mwishowe nilifuata neno la mjomba: nikatulia na gemu moja ya bao letu la isolo, nikawapa akina mama wa sokoni waijaribu, wakanicheka, nikarekebisha, nikaitangaza redioni. Hiyo ndiyo iliyoninyanyua.

Masanja aliporudi, shikamoo yake haikusikika vizuri.

"Marahaba, baba," mjomba alisema. "Kaa, unywe chai."

Hakumkumbusha lolote. Masanja akavuta kiti kando yangu, na tukachora gemu pamoja miaka mingi, hadi alipohamia Chato na mkewe. Mpaka leo, mvua ikipiga bati, nawakumbuka wote wawili, Masanja na mjomba.

Mwanangu, sikukatazi gemu kubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini weka kile ambacho kikipotea utabaki umesimama, wala usiweke paa la wanao. Pesa ya mtu huja na subira ya mtu, nayo hujui mwisho wake. Ukianza na ndogo, usidhani udogo ni kinga: ijaribu, ipambe, ipeleke kwa watu. Na mwenzako akianguka, mpe kiti kabla hujampa somo.

Mungu aibariki mikono yako, wageni wacheke kwa kazi yako, na usikose mlango wa kurudia.