Migebuka Wasio na Vichwa

Watu wakiniona nachora nakshi kwenye kompyuta, mraba kwa mraba, hudhani nimeyajua haya uzeeni. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao. Ilishushwa stesheni ya Kigoma enzi za Ujamaa, na nusura tunyang'anywe kwa sababu yangu.

Ulikuwa mtambo wa kufumia nguo, msaada wa nchi rafiki, mrefu hata tukabomoa mlango ili uingie. Juu yake ulizunguka mkufu wa kadi ngumu zenye matundu. Kadi moja, mstari mmoja wa nguo: penye tundu uzi unanyanyuka, pasipo tundu unalala. Sisi tulikuwa wasuka mikeka kumi na wanne wa Ujiji. Nilihesabu mara mbili, maana mmoja alikuja siku za chai tu.

Afisa aliyesimamia kikundi, mtu wa Moshi, alisema wazi: mwisho wa mwezi asipokuta pambo la ukutani lenye samaki, mtambo unapanda treni kwenda Tabora. Na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu waupokee. Ukienda Tabora, bora niende nao.

Nakshi ya migebuka, samaki wa ziwa letu, alikuwa nayo shangazi yangu peke yake, kule Buzebazeba, na alikuwa nayo kichwani. Maharusi wa mpaka Mwamgongo waliagiza mkeka wake. Nilipatana naye siku tatu. Nilianza na sukari. Akasema sukari anayo, heshima ndiyo imeadimika. Mwishowe akakubali kuitaja nakshi, mimi nitoboe kadi, ila akaapa yeye hataligusa hilo dude.

Akafumba macho, akaanza: mbili nyekundu, tano nyeupe, mbili nyekundu. Kisha akayarudia yale yale, na mimi nikatoboa kadi nyingine. Akaenda hivyo mpaka mwisho, kila mstari mara mbili. Kwa mtu kama mimi, anayehesabu kila kitu mara mbili, hilo halikuwa na kasoro. Nilimsifu moyoni kwa umakini.

Tukafuma. Samaki walianza kwa mikia, mikia mizuri kweli. Miili ikaja, ikaendelea kuja. Siku ya nne mwenzetu mmoja akauliza kama hawa ni migebuka au ni reli ya kwenda Dar es Salaam. Siku ya sita uzi tuliogawiwa ukaisha. Samaki saba sambamba, mikia saba, matumbo saba, kichwa hata kimoja.

Nikamleta shangazi. Alipitisha kiganja juu ya nguo, akasahau kiapo chake.

"Umetoboa na za kurudi?"

"Ulitaja mara mbili, shangazi."

"Mwanangu, ukindu ukifika pembeni unakunjwa, unarudi. Nataja kwenda, nataja kurudi. Umesuka mikeka tangu una meno ya utoto, leo hujui?"

Nilijua. Mikono yangu ilijua, ila haikuniambia. Kwa mtambo, kila kadi ni mstari wake. Haujui cha kwenda wala cha kurudi.

Afisa alikuwa anafika kesho kutwa. Nikamwomba shangazi asuke vichwa kwa ukindu, tuvishonee. Akataja sharti lake: kadi zote zikae kwake, chini ya godoro, nakshi yake haitalala ofisini. Nikajaribu kupatana: nusu ya kadi kwake, nusu kwetu.

"Samaki nusu unaye tayari," akasema.

Nikakubali yote. Akasuka vichwa saba, midomo wazi kama waliotolewa ziwani sasa hivi.

Afisa alikaa mbele ya pambo lile muda mrefu. Akauliza kwa nini mwili ni uzi na kichwa ni ukindu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, shangazi akaniwahi.

"Ndugu Afisa, mwili ni wa mtambo. Kichwa ni cha watu."

Lilisikika kama neno la mkutanoni, naye akaliandika daftarini. Mtambo ukabaki Ujiji.

Tulipogawiwa uzi mwingine nilikwenda Buzebazeba, nikamwamkia shangazi, akanihesabia kadi mara mbili. Safari hii nilitoa kila kadi ya pili, na migebuka wakatoka wazima, na vichwa vyao. Nikazirudisha kadi zilizofanya kazi. Shangazi akazihesabu, akazihesabu tena, akanitazama.

"Za kurudi ziko wapi?"

Nikageuza, nikatembea mpaka Ujiji kuzifuata.