Tembo, Theluji na Siki

Palipokuwa duka la mjomba, mtaani Biryogo, sasa wanauza vifuniko vya simu. Nikipita hapo bado nasikia cherehani yake.

Historia ya kale niliisikia kwanza kwake. Utotoni, kila Ijumaa baada ya swala nilikaa mkekani nikifumua mishono, naye akinisimulia habari za jemadari wa Kartago, dola ya kale ya Afrika Kaskazini, aliyevusha tembo kwenye milima ya theluji kwenda kuipiga Roma. Mwamba ulipoziba njia, askari waliuchoma moto, wakaumwagia siki, ukapasuka. Mjomba alifundishwa hayo Bujumbura, katika mwaka wake mmoja tu wa sekondari, na mwalimu aliyempenda kama baba.

Nilipokuwa tayari mwandishi wa habari, nilimkuta akimpima suti bwana harusi mmoja huku akisimulia yaleyale.

"Mzee, hiyo yote iko uongo," kijana alisema, mikono kaitanua. "Nimeona kwenye simu. Roma yenyewe ilitungwa na mapadri."

"Simama sawa, nisije nikakutungia suruali ya mguu mmoja."

Kijana aliondoka akicheka. Mjomba hakucheka.

"Mpwa wangu, kazi yako ni kuulizauliza. Niulizie. Mwalimu wangu alinidanganya?"

Nilisoma wiki mbili, nikarudi na majibu kwa mpangilio. Vita vilikuwapo, na tembo pia. Mwandishi wa mapema zaidi ambaye maelezo yake yamebaki aliongea na waliokuwapo, na njia ile akaipita mwenyewe.

"Na siki?"

Nilitamani kumficha ukweli. "Huyo hakuitaja, mjomba. Aliyeitaja alizaliwa vizazi vingi baadaye."

"Kapokea kwa nani?" Aliuliza kama madrasa wanavyouliza juu ya hadithi za Mtume.

"Hakusema."

Alitunga uzi kwenye sindano, taratibu. "Basi ya tembo ina wapokezi, ya siki ni dhaifu. Mwalimu hakudanganya. Alifikisha alichopokea."

Mabega yake yalishuka kama ya aliyetua mzigo. Yangu pia.

Ijumaa iliyofuata aliwasimulia wateja wawili waliongojea kanzu. Alipofika kwenye mwamba akasema, "Hapa mapokezi ni dhaifu."

"Si uruke, mzee!" mmoja alidakia.

"Siruki. Dhaifu inasimuliwa, ila haiapiwi."

Akaumwagia mwamba siki, nao wakasogea karibu.