Kidole cha Kapita kwenye Daraja la Tano

Bwana mwenye ukurasa huu wa gazeti, kabla hujayapeleka maneno haya kwa wasomaji, nakusihi: jina langu ulifiche, karatasi hii uichome, na mtu akikuuliza imetoka biro gani, yaani ofisi gani, ya Kindu, sema hujui. Nanyi mnaosoma, mkinitambua kwa jambo lolote, nyamazeni. Niliyoyafanya yanatosha kumfunga mtu, na bado sijui atakuwa nani.

Nina miaka ishirini na mbili. Nilisoma kwa Mapadri, nikatoka na cheti kizuri, na sasa ni karani wa mashini ya kuandika. Baba alifariki, mama na wadogo zangu watatu wananitegemea. Faili yangu ya kuomba kadi ya wastaarabu, inayompa mtu mweusi haki zinazokaribia za wazungu, iko mezani kwa Bwana wangu, mzungu mkuu wa biro, inangoja sahihi yake.

Bwana huyo ndiye pia katibu wa chama cha wazungu wenye magari. Mwaka huu wameamua kusafiri pamoja, magari kumi na moja, si kwa barabara mpya bali kwa ile ya zamani ya msituni kuelekea mji wa Kama, ambayo serikali iliiacha. Wanataka matope, milima na mito, waone nani atapita na nani atakwama. Mimi ndiye niliyeandika kila kitu: orodha ya madereva, mahali pa kulala, mapipa ya mafuta ya kutangulizwa, na barua kwa machifu kwamba watu wasimame mitoni na kamba za kuvuta magari yatakayokwama. Kisha Bwana akanituma kwa baiskeli nikayapime madaraja sita ya magogo. Alinionya kwamba wanavijiji watasema yote yameoza, ili wasitolewe kwenye mavuno ya mpunga kwenda kukata magogo mapya. Nikimletea uongo wao, akasema, nitarudi kulima pamoja nao.

Daraja la tano linatunzwa na kapita mmoja, mzee anayesimamia kazi ya barabara kijijini kwake. Hajui kusoma. Alinipa wali na samaki, akanifundisha jinsi wao wanavyopima: unapiga gogo kwa kisogo cha shoka, unasikiliza. Gogo zima hulia. Lililooza ndani halijibu. Nilipiga ukingoni, likalia. Akaniambia niende katikati, juu ya maji. Mto ulikuwa umefura kwa mvua, nami sijui kuogelea. Nikasema imetosha.

“Mutoto yangu, huku pembeni miti inalala kwa udongo mukavu,” akasema. “Katikati njo imekufa. Usiandike kama iko muzuri.”

Nikamtazama, na mpunga ulioiva nyuma ya nyumba yake nikautazama pia. Nikajiambia: huyu anakwepa kazi, kama Bwana alivyosema. Nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandika Kindu kabla ya kuondoka, moja kwa kila daraja, ili nisichelewe. Ilisema kapita amelipima daraja na lina nguvu. Akauliza inasema nini. Nikamwambia inasema aliyoyasema yeye. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika polepole, akakifuta kwenye majani huku akicheka kwamba kidole chake kitafika Kindu kabla yake.

Juma lililopita alifika mwenyewe. Nilimkuta mchana nje ya biro, miguu imejaa matope ya siku tatu. Alifungua jani la mgomba, ndani yake kipande cha gogo la katikati. Nilipokishika kilivunjika kama mkate mkavu. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba tarishi wa chifu amewasomea amri: watu ishirini wasimame ndani ya maji chini ya daraja na kamba zao, wakati magari yanapita. Wanawe wawili wamo. Alipopinga, chifu alimcheka, akamwambia amri hiyo inasema ni yeye mwenyewe aliyeapa kwamba daraja ni zima.

“Wewe njo ulinisomea,” akaniambia. “Kidole yangu ilisema nini?”

Nilimjibu kwamba tarishi amekosea kusoma, arudi nyumbani, nitayanyoosha mambo. Akanishukuru. Akaniachia kile kipande nikawaonyeshe wakubwa. Kiko chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la nguo, na kila asubuhi unga wake umeongezeka. Mama ameshauliza harufu ya kuoza chumbani mwangu ni ya nini.

Nilifikiri kubadilisha njia kwenye ramani, lakini madereva wameshagawana nakala zao. Mara mbili nimefika mlangoni kwa Bwana. Mara ya pili aliniuliza nataka nini, nikasema wino. Nikikiri, nimemdanganya mtu kwa kidole chake mwenyewe, na hilo ni gereza; mama atabaki na watoto bila chochote. Nikinyamaza, wale ishirini watakuwa chini ya magogo yale, na gari likianguka atakayeulizwa ni kapita. Atasema ukweli, nao watamwonyesha karatasi. Nani atamwamini? Mimi niliyekula wali wake sikumwamini.

Ninyi msionijua, niambieni niufungue mlango ule au niupite. Msiniandikie kwa anwani ya biro, maana Bwana hufungua barua zote. Aliye Kindu asinifuate kanisani wala nyumbani. Jibuni hapa hapa kwenye ukurasa, na jibu lianze hivi: “Kwa mwenye kipande cha mti.” Gazeti hufika kwa treni ya Jumamosi, nitalifungua palepale stesheni. Jibu likiikosa treni ya Jumamosi ya tatu kuanzia leo, msijisumbue kuandika tena. Magari yanaondoka kesho yake asubuhi, baada ya Misa.