Taa Nne za Baraza la Mama

Baraza la mbao nililijenga nyuma ya nyumba yetu ya Hai Mauna, hapa Juba, upande unaotazama geti na barabara, kimo cha goti kutoka ardhini, na ngazi tatu za kuteremkia uani. Nililijenga kwa ajili ya mama. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na chumbani mwake joto lilikuwa halivumiliki. Jioni tu ndipo upepo ulipopita.

Lakini jioni yenyewe hatukuitumia. Jua likizama, mtaa mzima uliingia ndani na kukomea milango. Wakati wa vita, aliyewasha taa nje alijionyesha. Vita vilipopoa, wezi wakashika zamu. Watu wakazoea hivyo, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kutuambia kwamba sasa tunaweza kukaa nje.

Nilikuwa nafanya kazi jikoni katika hoteli moja mtaa wa Thongpiny. Kila nilipotoka niliwaona wageni wamekaa uani chini ya taa, wanakula bila haraka, mmoja amefungua kitabu. Halafu nafika nyumbani saa moja na nusu, namkuta mama amekaa kitandani gizani na redio yake. Wageni sikuwaonea wivu. Niliukasirikia mtaa wetu, nikajikasirikia na mimi, maana nami nilikuwa nikifika nafunga mlango kama wengine.

Jioni moja mama alitoka kwenda msalani, akaikosa ngazi ya pili. Alianguka, akachubuka goti na kiganja. Kesho yake kaka yangu mkubwa akaja kumwona.

"Mama asitoke tena jua likizama," akasema.

"Shida ni giza, kaka. Shida si mama. Nitaweka taa."

"Ukiweka taa nje unawaita wezi. Watajua kuna sola, kuna betri, kuna wanawake wawili peke yao."

"Wanajua tayari. Mtaa mzima unajua."

Mama alikuwa anajipangusa goti kwa kitambaa. Kisha akasema, kwa Kiarabu cha Juba na kwa sauti ya chini, kwamba hakuvumilia miaka yote ile ya ukimbizini ili aje kufungiwa ndani kama kuku katika nyumba yake mwenyewe. Mimi nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi alikuwa Mganda mwenye duka dogo la vifaa vya sola hapo hapo mtaani. Alikuja, akalitazama baraza mara moja, akaonyesha ukingo wa paa.

"Dada, hapa tunaweka moja tu, kubwa. Inapiga mpaka kwa geti. Mwizi akiona hiyo, iko anaogopa."

"Na mama yangu atakaa vipi chini yake?"

"Atazoea."

Nikamwomba aniachie taa hiyo niijaribu siku moja. Kweli uwanja ukawa mweupe kama wa mpira. Lakini mama alijikinga macho kwa kiganja tangu tulipoiwasha, wadudu wakamjaa kwenye chai, na nyuma ya tangi la maji kukawa na kivuli kizito kiasi kwamba mtu angeweza kusimama pale nisimwone. Asubuhi nilimrudishia.

"Sitaki taa ya gereza," nikamwambia. "Nipe siku tatu."

Siku hizo tatu, kila nilipotoka kazini, nilimweka mama kwenye kiti chake nikazunguka na kurunzi. Nilifunga kurunzi kwenye nguzo, nikaishusha, nikaigeuza iangalie ukutani, nikaichomeka chini ya ngazi.

"Hapo inanichoma," mama alisema. Nikiihamisha, "Hapo naona mkono wangu. Hapo naona na sahani."

Kila alipokubali nilipiga alama ya chaki. Niligundua kwamba mama hakuhitaji mwanga mwingi. Alihitaji mwanga uliofichwa, unaoangukia kitu anachotaka kukiona bila kumpiga machoni. Mwisho nilikuwa na alama nne: mbili chini ya kingo za mbele za ngazi, moja ukutani nyuma ya kiti chake ikiangalia chini, na moja chini kwenye nguzo ya pembeni, ya kumulika njia ya msalani. Zote nilitaka ziwe za mwanga wa njano, kwa sababu mweupe huita wadudu, na mvua zikianza kumbikumbi wangetufukuza. Swichi nilitaka iwekwe pale mkono wa mama unapofika akiwa ameketi.

Fundi alizikagua zile chaki kwa mashaka. "Taa ya ngazi? Nani anaangalia ngazi?"

"Anayezipanda."

Akacheka, kisha akapiga magoti na kuchungulia chini ya mbao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri waya zipite huko chini ndani ya bomba la plastiki, panya wasizitafune. Siku mbili baadaye alikuwa amemaliza.

Tuliziwasha mara tu nilipotoka kazini. Kaka alifika tukiwa bado tunakunywa chai. Alipanda ngazi, akapita mbele yangu bila salamu, akazima swichi.

"Nimeziona kutoka barabarani," akasema gizani.

Nilisikia mama akipapasa ukutani. Taa zikawaka tena.

"Hii ni nyumba yangu," mama akamwambia. "Ukitaka giza, liko kwako. Ukitaka chai, kaa."

Kaka akaketi, na mimi nikamtilia chai.

Wiki ya tatu tuliamka tukakuta taa ya nguzo haipo. Waya ulikuwa umekatwa safi, na mtu aliyejua kazi yake. Kaka alikuja akasema tuziondoe zote zilizobaki. Niliogopa, sitadanganya. Siku nzima kazini niliosha vyombo nikiwaza mtu huyo alisimama hatua ngapi kutoka dirisha la mama. Kama ningeziondoa zote siku ile, hakuna ambaye angenilaumu.

Nilipotoka kazini nilipitia kwa fundi nikamweleza. Alinitazama, akachukua taa nyingine na vipande vya nondo za chuma. Aliichomelea kizimba na kukifunga kwenye nguzo kwa boliti nne. Jioni ile niliwasha taa zote, nikakivuta kiti changu hadi ukingoni mwa baraza, mahali ambapo anayepita barabarani angeniona vizuri, nikakaa hapo nikimenya viazi. Wapita njia wawili walisalimia. Niliitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu.

Kizimba kile hakijaguswa tena, ingawa sijui ni kwa sababu ya nondo au bahati tu. Mama sasa hukaa nje mpaka saa tatu, akichambua ufuta kwa vidole na kubishana na redio. Jirani wa upande wa kushoto, mama wa watoto watano, alikuja kuuliza zile za ngazi nilizipata wapi, nami nikampeleka kwa fundi.

Kaka hadi leo hakubaliani nasi. Akija, hukaa ameligeukia geti, sikio lake liko nje. Simbishii. Ana haki ya kuogopa, nami huwa naogopa pia. Asituzimie taa tu.